Lehemu Isiyo na Risasi na Gharama Zilizohamishwa

Mwaka 2006 risasi ilifukuzwa mara mbili. Mwezi Januari nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikamilisha kuachana na petroli yenye risasi, kama zilivyoahidiana Dakar mwaka 2001. Tarehe 1 Julai likaanza kutumika Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2002/95, ambalo wenye viwanda hulitaja kwa kifupi cha RoHS. Agizo hilo lilizuia kuuzwa Ulaya kwa vifaa vipya vya umeme na elektroniki ambavyo lehemu yake, au malighafi nyingine yoyote ndani yake, ina risasi inayozidi asilimia 0.1 ya uzito. Matukio haya mawili huhesabiwa kuwa ushindi wa aina moja, lakini hayafanani. Risasi ilipotoka kwenye petroli, viwanda vya kusafisha mafuta vililazimika kutafuta njia nyingine za kuongeza okteni, ila pumzi ya mtoto anayeishi kando ya barabara ya Mombasa au ya Morogoro iliondokewa na sumu hiyo. Lehemu haikupewa nafuu rahisi kama hiyo. Huwezi kuitoa risasi kwenye kiungo cha lehemu ukaacha tundu, sharti uweke metali nyingine, na metali hiyo ina mgodi wake, moto wake na udhaifu wake. Hoja yangu ni kwamba sheria ya Ulaya ilikuwa na haki kuihesabu risasi kuwa sumu, ila haikufuta gharama. Iliigawanya upya, na sehemu kubwa ya mgawo ikawaangukia watu ambao hawakuwa mezani Brussels.

Ili kuona kilichobadilishwa, tuanze na kilichokuwepo. Lehemu ya bati na risasi ni kongwe: Plinio Mzee, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, anataja mchanganyiko wa sehemu mbili za risasi kwa moja ya bati uliotumika kuunga mabomba. (Bati linalozungumziwa hapa ni metali yenyewe, si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki.) Enzi ya umeme ilipofika, mafundi wa telegrafu na redio waliikuta kazi imekwisha kufanyika, wakarekebisha vipimo tu. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi joto 232, risasi peke yake kwenye 327, lakini ukichanganya sehemu 63 za bati na 37 za risasi unapata aloi inayoyeyuka kwenye 183. Tena hutoka katika hali ya majimaji ikawa yabisi papo hapo, bila kupitia hali ya ujiuji ambamo kiungo kikitikiswa kinaharibika. Hushikamana vizuri na shaba. Ikishika vyema hung'aa, isiposhika hufifia, hivyo mkaguzi aliona kwa macho yake kazi nzuri na mbaya. Juu ya hayo risasi ni laini na ya bei nafuu, na ulaini huo ulikuwa na kazi. Bodi ya sakiti inapopata joto na kupoa, chipu na plastiki ya bodi hutanuka kwa viwango tofauti, na lehemu iliyo katikati ndiyo inayojinyonga kidogo ili mkazo usivunje kitu. Mwaka 1956 kampuni ya Fry's Metals ya Uingereza ilileta mashine ya kupitisha bodi nzima juu ya wimbi la lehemu iliyoyeyuka, na kuanzia hapo tasnia nzima ikajengwa kwa kipimo cha nyuzi 183. Plastiki za soketi, kapasita, gundi za bodi na vyungu vya chuma viwandani vyote vilichaguliwa kwa kuangalia joto hilo. Kuibadili lehemu kulimaanisha kuvibadili vyote.

Kwa nini basi waliibadili? Sababu ya msingi haina ubishi: risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marekani ilipiga marufuku lehemu ya risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na miaka michache baadaye ikapelekwa bungeni miswada iliyotishia hata lehemu ya elektroniki. Miswada hiyo haikupita, lakini ilivitia viwanda hofu kiasi cha kufungua maabara. Katika Maabara ya Ames, jimbo la Iowa, kundi la Iver Anderson lilipata hataza mwaka 1996 ya aloi ya bati, fedha na shaba, na kutoka ukoo huo ilitokea lehemu iliyoenea kuliko zote leo: bati asilimia 96.5, fedha 3, shaba 0.5. Wajapani walikuwa wepesi zaidi sokoni. Matsushita, kampuni ambayo leo inajulikana kwa jina la Panasonic, iliuza mwaka 1998 kicheza MiniDisc kilicholehemiwa bila risasi, mwaka uleule ambao Japani ilitunga sheria ya kurejeleza vifaa vya nyumbani. Kwa Ulaya suala lilikuwa taka. Televisheni na kompyuta zilijaa kwenye majalala na matanuri ya kuchomea taka, na mwaka 2003 yalipitishwa maagizo mawili pacha, moja la kukusanya taka za kielektroniki na jingine la kuzuia sumu zisiingie katika vifaa tangu kiwandani. Mantiki yake ni safi: kisichoingia hakitavuja.

Ila ukilinganisha kilichokatazwa na kilichoachwa, usafi huo unapungua. Zaidi ya asilimia 80 ya risasi yote inayotumiwa duniani huishia kwenye betri, ilhali lehemu ya elektroniki haikufikia hata asilimia moja. Betri hazikuguswa na agizo hili. Ziliachwa chini ya sheria nyingine, na betri ya gari inaendelea kutengenezwa kwa risasi hadi leo kwa ruhusa kamili. Kioo cha televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa kilibeba risasi kwa kilo ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji, nacho kilipewa msamaha, kwa sababu hapakuwa na mbadala. Lehemu yenye risasi zaidi ya asilimia 85 nayo ikasamehewa, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mwaka 2006 ilikuwa halali kuuza Ulaya televisheni yenye kilo ya risasi kwenye kioo chake, na haramu kuuza ileile ikiwa na gramu kadhaa kwenye bodi. Sisemi kwamba kidogo kisikatazwe kwa kuwa kikubwa kipo, kwani hoja ya namna hiyo ingezuia kila hatua duniani. Nasema mpangilio huu unaonyesha kigezo kilichotumika. Kilichokatazwa ni kile ambacho wahandisi waliamini kina mbadala, wala hakikuchaguliwa kwa sababu kinaua wengi kuliko vingine.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuitetea sheria hii haitoki Ulaya, inatoka China. Katika mji wa Guiyu, mkoa wa Guangdong, bodi kuukuu kutoka pande zote za dunia zilikuwa zikibanikwa juu ya majiko ya makaa hadi lehemu iyeyuke na chipu zing'oke ziuzwe tena. Kazi ilifanyika majumbani, watoto wakicheza palepale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima damu ya watoto wa chini ya miaka sita, ukakuta wastani wa mikrogramu 15.3 za risasi kwa desilita, huku mji jirani wa Chendian, usio na kazi hiyo, ukiwa na 9.94. Hapo mtu hawezi kusema kwamba lehemu ni kiasi kidogo kisichofika kwa binadamu. Risasi ya bodi ilikuwa ikifika, kwa moto na kwa vumbi, na iliwafikia wasiowahi kuinunua kompyuta hiyo. Ni kweli Guiyu ilipokea pia vioo na plastiki, na damu ya mtoto haisemi risasi yake ilitoka kwenye nini. Lakini mwelekeo uko wazi. Taka za kielektroniki zina desturi ya kusafiri kwenda penye kazi ya bei rahisi na macho machache ya serikali, nasi wa Afrika Mashariki tunaopokea kompyuta zilizokwishatumika hatuko mbali na njia hiyo. Bodi isiyo na risasi ikichomwa kwenye dampo bado inatoa sumu nyingine, lakini hiyo moja haitoi. Faida hiyo ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa na wanaoikejeli sheria.

Sasa tugeukie upande mwingine wa daftari, mgodini. Lehemu ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote wa bati duniani, hula karibu nusu ya bati lote linalosafishwa. Ukipandisha bati ndani ya lehemu kutoka asilimia 63 hadi 96.5, kwa haraka unaweza kudhani mahitaji yamepanda kwa nusu. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu kiungo hujazwa kwa ujazo, si kwa uzito, na lehemu mpya ni nyepesi kuliko ya zamani. Ukirekebisha, kiungo kilekile kinahitaji bati zaidi kwa takriban theluthi moja. Hata hivyo theluthi ya mlaji mkubwa ni kitu kikubwa, na ilikuja wakati bati lilipokuwa likitoka kwenye usingizi mrefu. Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likilinda bei kwa kununua akiba, lilifilisika Oktoba 1985. Bei ikaporomoka, na mawimbi yake yakafika hadi Maziwa Makuu: kampuni ya SOMIRWA ya Rwanda ilianguka mwaka huohuo, na SOMINKI ya Kivu ikadhoofika hadi ikafa katika miaka ya 1990. Wachimbaji wadogo wakabaki na sururu na mashimo yaliyoachwa na kampuni. Mwaka 2002 tani moja ya bati ilikuwa takriban dola 4,000. Kufikia Aprili 2011 ilikuwa imevuka dola 30,000.

Katikati ya miaka hiyo ndipo dunia ilipolijua jina la Bisie, katika wilaya ya Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Kasiteriti, jiwe linalozaa bati, ilianza kuchimbwa pale takriban mwaka 2002. Maelfu ya watu wakaingia msituni. Wabebaji walitembea na magunia mgongoni kupitia msitu hadi Njingala, kisha mzigo ukapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, ukaenda Goma. Kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2009, mgodi ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wa brigedi ya 85, watu waliotoka katika wanamgambo wa Mai-Mai, waliovaa sare ya jeshi la taifa bila kuunganishwa nalo kikweli, wakitoza kila mchimbaji na kila mbebaji. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Miezi miwili kabla ya hapo Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani. Wanunuzi wengi waliona rahisi zaidi kutonunua kabisa kuliko kueleza, na familia zilizoishi kwa sururu zikalala njaa kwa ajili ya sheria iliyotungwa kuwaokoa.

Je, ni haki kuibebesha lehemu ya Ulaya mzigo wa Walikale? Si wote, na anayesema hivyo anatia chumvi. Bei ya bati ilipandishwa na viwanda vya China, na misukosuko ya ugavi kutoka Indonesia, na walanguzi wa masoko. Kongo yenyewe ilitoa sehemu ndogo ya bati la dunia. Vita ya Kivu ina mizizi ambayo haijui lehemu ni nini. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na nadhani hakikanushiki: sheria ya mazingira iliyoongeza hitaji la metali fulani ilipitishwa bila kuuliza metali hiyo inatoka wapi. Visiwani Bangka na Belitung, Indonesia, bati lilifuatwa hadi chini ya bahari kwa mashua za kufyonza mchanga, na tope likafunika matumbawe ambayo wavuvi waliyategemea. Huo nao ni uharibifu wa mazingira, ila haukuwa na safu kwenye jedwali la Brussels, kwa sababu jedwali lilianza kiwandani na kuishia jalalani Ulaya. Mpaka leo uhusiano huo ni hai. Machi 2025 waasi wa M23 waliposonga kuelekea Walikale, kampuni ya Alphamin, inayochimba Bisie kwa mitambo tangu 2019, ilisimamisha kazi, na bei ya bati ikaruka katika soko la London. Kila kiwanda cha simu kililipa tofauti hiyo.

Kuna waliojaribu kuhesabu yote kwa pamoja. Mwaka 2005 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa tathmini iliyofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee, wakiifuata lehemu tangu mgodini, kiwandani, kwenye kifaa, hadi mwisho wake jalalani au tanurini. Lehemu ya risasi ilionekana mbaya kupita nyingine katika sumu kwa watu na viumbe wa majini, hasa kwa kile kinachovuja kutoka kwenye taka. Katika makundi mengine mengi, kama matumizi ya nishati na uchafuzi wa hewa, lehemu yenye fedha ndiyo iliyoongoza kwa ubaya. Fedha ni asilimia 3 tu ya aloi, lakini kuichimba na kuisafisha hula nishati na kumwaga uchafu kuliko inavyodhaniwa kwa asilimia hiyo, na tanuri la kiwanda nalo hula umeme zaidi, kwa kuwa aloi mpya huyeyuka kuanzia nyuzi 217. Tathmini ya namna hii haimwambii mtu achague nini. Inamwambia tu kwamba akichagua, anachagua kati ya madhara na madhara, na kati ya mtu na mtu. Mimi ningechagua kuipunguza sumu inayompata mtoto kuliko kupunguza umeme wa kiwanda. Lakini ningetaka uchaguzi huo usemwe wazi kwamba ni uchaguzi, usiuzwe kama usafi usio na bei.

Upande wa uimara ndio uliozua kelele nyingi, na hapo pia ukweli umechanganyika na uvumi. Hofu ya kwanza ni masharubu ya bati. Bati safi lililopakwa juu ya waya au mguu wa chipu, likikaa na mkazo ndani yake, huotesha nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo zinaweza kufikia milimita kadhaa, na kwa kuwa ni metali hupitisha umeme na kuunganisha sehemu mbili zisizopaswa kukutana. Watafiti wa Bell Labs walihangaika na jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika miaka ya 1950 waligundua kinga: weka risasi kidogo ndani ya bati, masharubu hayaoti. Mpaka leo hakuna maelezo yanayokubaliwa na wote kuhusu namna yanavyoota. Tarehe 19 Mei 1998 setilaiti ya Galaxy IV ilipoteza mwelekeo, na mamilioni ya vipeja nchini Marekani, vikiwemo vya madaktari, vikanyamaza kwa mara moja. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye masharubu ya bati katika kichakataji cha udhibiti. Tarehe 17 Aprili 2005 kinu cha nyuklia cha Millstone, Connecticut, kilijizima chenyewe, na kwenye kadi moja ya umeme likakutwa sharubu lililoota kutoka kwenye diodi.

Wapinzani wa sheria hupenda mifano hii, na husahau kusema kwamba yote miwili ilitokea kabla ya Julai 2006. Haithibitishi kosa la sheria. Inathibitisha kwamba hatari ilijulikana, na kwamba sheria ilikwenda kuieneza kwa macho yaliyo wazi. Maana kilichobadilika hakikuwa lehemu peke yake. Watengenezaji wa vipuri walibadili pia utando wa miguu ya chipu, kutoka bati na risasi kwenda bati tupu. Jeshi na vyombo vya anga viliachwa nje ya agizo, na vifaa vya hospitali havikuingizwa hadi 2014, kwa sababu kila mtu alikubali kwamba pale hitilafu si jambo la kurudisha bidhaa dukani. Lakini msamaha uliobaki kwenye karatasi haukuwa na nguvu sokoni. Mnunuzi wa setilaiti hununua chipu mia, mnunuzi wa simu hununua milioni kumi, na hakuna kiwanda kitakachoendesha mistari miwili kwa ajili ya wa kwanza. Waliosamehewa wakajikuta wananunua vipuri vya bati tupu wasivyovitaka, kisha wanalipa kuvichovya upya kwenye lehemu ya risasi. Lile pengo kati ya ruhusa ya kisheria na bidhaa iliyopo dukani ndilo ambalo sera nyingi hujikwaa nalo.

Hofu ya pili ni nyufa. Hapa majibu ya maabara hayampi ushindi upande wowote. Kwenye mabadiliko madogo ya joto, lehemu ya bati na fedha hudumu kuliko ya risasi. Mabadiliko yakiwa makali, mara nyingi inashindwa mapema zaidi. Ni ngumu, kwa hiyo kifaa kinapoanguka nguvu ya kishindo haimezwi na kiungo bali hupelekwa kwenye bodi yenyewe, na ndiyo sababu watengenezaji wa simu walihamia aloi zenye fedha asilimia moja tu badala ya tatu. Kisa kinachotajwa sana ni Xbox 360 ya Microsoft, iliyotoka Novemba 2005: zilikufa kwa wingi hadi Julai 2007 kampuni ikatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya dhamana. Mitandaoni kosa lilitupiwa lehemu mpya. Mwaka 2021 Microsoft yenyewe ilieleza kwamba viunganishi ndani ya kifurushi cha chipu vilikuwa vikipasuka kwa kupashwa na kupoa mara kwa mara, maelezo yanayogusa ubunifu mzima wa kifaa kuliko aloi moja. Mtu mwadilifu hawezi kukitumia kisa hiki kama hukumu.

Mtetezi wa sheria atasema hapa: miaka karibu 20 imepita, mabilioni ya simu yametengenezwa bila risasi, na ndege hazikuanguka. Ni kweli, na ni sifa kwa wahandisi waliobuni upya bodi, gundi, kapasita na tanuri. Lakini ushahidi huo umekusanywa kwa mmiliki wa kwanza. Simu hupimwa kwa miaka michache ya matumizi ya mtu ambaye atanunua nyingine. Katika maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue kompyuta hiyohiyo huanza maisha ya pili na ya tatu, kwenye vumbi, joto na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Nyufa ndogo ambazo Ulaya zingekutwa kwenye pipa la kurejeleza, hapa hukutwa kwenye meza ya fundi. Naye fundi anakutana na mwisho wa mlolongo ambao hakushirikishwa. Pasi yake ndogo ya kulehemia haifiki kirahisi joto la aloi mpya, akiipandisha sana anang'oa vibati vya shaba kutoka kwenye bodi, kwa hiyo huongeza waya wa lehemu wa 60/40 wenye risasi ili kiungo kiyeyuke mapema. Bodi iliyotoka Ulaya bila risasi inarudishiwa risasi hapa. Simlaumu. Amefanya kinachowezekana kwa vifaa alivyo navyo, na kifaa alichokiokoa ni kifaa ambacho hakijaenda dampo. Afahamu tu kwamba moshi unaomkera puani si wa risasi, kwa sababu risasi haigeuki mvuke kwa joto la pasi. Ni utomvu wa msonobari uliomo kwenye waya, nao huleta pumu, hata kwenye waya usio na risasi. Risasi humwingia kwa vidole, anapokula bila kunawa.

Je, turudi basi kwenye lehemu ya zamani? Hapana. Viwanda vimekwisha kubadilika, na kurudi nyuma kungewarudishia watoto wa Guiyu ya kesho sumu iliyokwisha kuondolewa, bila kumrudishia mchimbaji wa Bisie chochote. Kosa la sheria ya 2006 halikuwa kuiondoa risasi. Lilikuwa kuhesabu kiambato kimoja cha kifaa badala ya maisha yake yote. Kifaa kinachodumu miaka kumi badala ya mitano kinanusuru nusu ya bati, ya fedha na ya taka, hata kikiwa na risasi au kisipokuwa nayo. Sheria inayomlazimu mtengenezaji auze vipuri, atoe michoro ya sakiti na asigundishe betri ndani ya simu ingepunguza madhara mgodini na jalalani kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aloi inayoliweza.

Kwetu swali si la kinadharia, kwa sababu bunge moja baada ya jingine litaletewa rasimu za taka za kielektroniki zilizonakiliwa kutoka Ulaya. Kabla ya kunakili, ni vema kuangalia risasi yetu iko wapi. Betri moja ya gari ina risasi kilo zipatazo kumi, ilhali lehemu ya simu haifiki gramu chache. Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya Ulaya kuisafisha lehemu yake, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi Owino Uhuru, Mombasa, kikiwa kimepakana na nyumba za watu, na kilifungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza wakazi kukipinga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Wabunge wetu wakipokea rasimu ya kupiga marufuku risasi, waifungue kwanza kwenye kifungu cha betri. Kama hakipo, wairudishe.